Gurudumu Linalosimama: Historia ya Mizigo Rufiji na Funzo kwa Mkokoteni Wako



Kila msimu wa mavuno unapokaribia, maswali ninayoulizwa kuhusu mikokoteni, maguta na mashine za magurudumu hufanana. Linabeba gunia ngapi? Tairi zake ni za gari gani? Fundi anataka shilingi ngapi? Ni maswali mazuri. Lakini kuna moja huulizwa mara chache sana: likishasimama, litabaki limesimama?

Swali hilo si dogo. Mkokoteni wenye gunia nne za korosho ukiachiwa kwenye mteremko hauchagui nani yuko chini. Pampu ya maji iliyowekwa ukingoni mwa mto hutetemeka injini ikiwaka, na kila mtetemo huisogeza kidogo kuelekea majini. Jenereta ya mashine ya kukoboa ikisogea, mkanda hulegea au hukatika, na mkanda uliokatika una uwezo wa kumtoa mtu jicho.

Leo nataka tuanze na historia, kisha tumalizie dukani na kwa fundi. Nimechagua njia hii kwa sababu historia ya mizigo katika delta ya Rufiji na huku Kibiti inafundisha jambo moja kila mara: kifaa cha kubebea mzigo kina kazi mbili, kwenda na kusimama, na anayenunua kazi moja tu huja kulipia ya pili kwa gharama kubwa zaidi.

Nyenzo na gadi: elimu ya wazee wa pwani

Methali inasema chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Wengi tunaisema bila kukumbuka nyenzo ni nini. Ni yale magogo ya mviringo yanayotandikwa chini ya mtumbwi au jahazi wakati wa kulishusha majini au kulipandisha pwani. Chombo kinateleza juu ya magogo, watu wanavuta, gogo lililobaki nyuma linachukuliwa na kuwekwa mbele. Hilo ndilo gurudumu la kwanza la pwani yetu, hata kama halikuwa na ekseli.

Lakini mafundi wa vyombo walikuwa na neno la pili, gadi. Gadi ni nguzo zinazoegemezwa ubavuni mwa chombo kikiwa nchi kavu ili kisilale wala kisisogee wakati kinapakwa mafuta au kuzibwa nyufa. Hakuna fundi aliyeingia chini ya jahazi lililo juu ya nyenzo kabla gadi hazijakaa sawasawa. Nyenzo za kuendea, gadi za kusimamia. Vilikwenda pamoja.

Ndani ya delta hali ilikuwa hivyohivyo. Barabara zilikuwa mito na vijito, na gari lilikuwa mtumbwi. Kwa miaka mingi boriti za mikoko zilikatwa katika delta hii, zikabebwa mabegani hadi kwenye kijito, zikasubiri maji kujaa, kisha zikapakiwa majahazini kupelekwa Unguja, Arabuni na Ghuba ya Uajemi, ambako miti ya kujengea ni adimu. Anayepakia boriti katika delta anajua kwamba maji yakianza kupwa, hasa wakati wa bamvua, yanavuta kwa nguvu. Mtumbwi ambao haukufungwa vizuri kwenye mkoko unaondoka na mzigo. Kwa hiyo kamba na nanga havikuwa mapambo. Vilikuwa sehemu ya mtumbwi kama kasia.

Kwa nini gurudumu lilichelewa kufika

Wapo wanaosema wazee wetu walibeba mizigo kichwani kwa sababu hawakujua gurudumu. Si kweli. Gurudumu lilijaribiwa mapema, likashindwa na ardhi na wadudu.

Mwaka 1876 mmisionari Roger Price wa London Missionary Society alipeleka ng'ombe wachache kutoka Saadani hadi Mpwapwa kujaribu njia, wakafika. Wamisionari wakatiwa moyo, na mwaka uliofuata wakaleta magari ya kukokotwa na ng'ombe. Safari hiyo ng'ombe walikufa njiani, magari yakaachwa, mizigo ikarudi vichwani mwa wapagazi. Mwaka huohuo wa 1877 ilianza kujengwa barabara kutoka Dar es Salaam kwenda bara kwa fedha za tajiri wa Uskoti, William Mackinnon, kwa lengo la kufika Ziwa Nyasa. Kazi ilisimama mwaka 1881, barabara ikiwa haijafika hata karibu na ziwa.

Adui mkubwa alikuwa mbung'o, ambaye wengi tunamwita ndorobo. Anaeneza nagana, ugonjwa unaoua ng'ombe, farasi na punda. Bila mnyama wa kuvuta, gari la mizigo ni mbao tu. Adui wa pili ni ardhi yenyewe. Bonde la Rufiji lina udongo wa mfinyanzi unaonata wakati wa masika, na ukipanda kuelekea Kibiti na Bungu unakuta mchanga. Gurudumu jembamba linazama kote kuwili.

Gharama ya kukosa gurudumu ilikuwa kubwa, na hesabu yake ni rahisi. Mpagazi alibeba kilo 25 hadi 30. Tani moja ya mzigo ilihitaji kati ya watu 33 na 40. Kila mtu anakula karibu kilo moja ya nafaka kwa siku. Safari ya siku 20, chakula cha mpagazi mmoja kinakaribia uzito wa mzigo wake. Ndiyo maana kilichosafiri mbali kilikuwa kitu cha thamani kubwa na uzito mdogo, kama pembe za ndovu na nguo. Mpunga na muhogo wa mkulima vilibaki karibu na nyumbani, au vilipita majini.

Mizinga ya Salale iliyotafutiwa magurudumu

Kisa kikubwa kuliko vyote cha magurudumu katika delta yetu ni cha vita. Wakazi wa Salale na vijiji vya jirani wanaijua meli hiyo kutoka kwa babu zao.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Wajerumani walikuwa na meli ya kivita iitwayo Königsberg katika pwani hii, chini ya nahodha Max Looff. Tarehe 20 Septemba 1914 iliizamisha meli ya Waingereza, Pegasus, katika bandari ya Unguja. Baada ya hapo injini yake ikaharibika, ikajificha katika matawi ya mto Rufiji. Vipuri vilivyovunjika vilisafirishwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa, kisha vikarudishwa mpaka delta. Kabla meli haijapata nafasi ya kutoka, mwishoni mwa Oktoba Waingereza waligundua ilipo na kuziba njia ya kutokea baharini.

Ilikaa humo miezi mingi. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia kwenye maji mafupi ya delta, hivyo zililetwa mbili zenye tumbo bapa, Severn na Mersey. Zilishambulia tarehe 6 Julai 1915 zikashindwa, zikarudi tarehe 11 Julai na kuishinda Königsberg. Looff aliamuru meli ilipuliwe, ikakaa kwenye tope la mto.

Hapa ndipo somo letu linapoanza. Meli ilikuwa na mizinga 10 ya milimita 105. Mtutu mmoja una urefu wa zaidi ya meta 4 na uzito unaozidi tani moja, bila kuhesabu kiti chake. Wajerumani waliitoa yote kwenye meli iliyozama na kuipeleka Dar es Salaam. Mzinga wa meli umefungwa kwa bolti kwenye sitaha. Meli ndiyo inayoupeleka, na meli hiyohiyo ndiyo inayoupokea unaporudi nyuma kwa kishindo baada ya kupiga. Ukiutoa melini unabaki chuma kizito kisichokwenda wala kusimama. Kwa hiyo mafundi wa karakana za Dar es Salaam walikuwa na kazi mbili: kuutafutia magurudumu ya kuuhamisha, na kuutafutia namna ya kukaa imara unapopiga. Ndiyo maana mizinga ya nchi kavu ina mkia mrefu nyuma wenye kipande cha chuma kama jembe. Mzinga ukipiga, jembe linachimba ardhini na kuuzuia usirudi nyuma kuwaangukia wanaouhudumia.

Baadhi ya mizinga hiyo ilipata magurudumu ikazunguka nchi nzima na jeshi la Lettow-Vorbeck, ikivutwa kwa nguvu za watu pale ambapo wanyama hawakuweza kuishi. Mingine ilisimikwa mahali pamoja. Ule uliokuwa Kahe, karibu na Moshi, ulikuwa wa kusimikwa. Jeshi liliporudi nyuma Machi 1916 haukuweza kuondolewa, ukalipuliwa na wenyewe. Mzinga uliosimama vizuri ulipotea kwa sababu haukuweza kwenda.

Leo mitatu kati ya hiyo 10 inaweza kuonekana: mmoja Fort Jesus, Mombasa, mmoja Jinja, Uganda, na mmoja Pretoria, Afrika Kusini. Ukifika Fort Jesus, utaukuta jirani na mzinga wa ile Pegasus iliyozamishwa Unguja.

Waliobeba pale gurudumu liliposhindwa

Habari ya mizinga ikisimuliwa bila ya wapagazi, nusu inakuwa imefichwa. Waingereza waliingia nchini na farasi, nyumbu, ng'ombe na magari ya moto. Mbung'o waliwaua wanyama kwa maelfu. Mvua za mwanzoni mwa mwaka 1917 zilijaza Rufiji, magari yakakwama, na askari waliofika mtoni wakabaki na njaa kwa sababu chakula kilikuwa nyuma yao kwenye tope.

Pengo hilo lilizibwa na watu. Vijana walichukuliwa vijijini, wengi kwa lazima, pande zote mbili za vita. Makumi ya maelfu hawakurudi, na wengi wao hawakufa kwa risasi bali kwa kuhara, homa, njaa na uchovu. Kambi ya kikosi cha wapagazi wa Waingereza mjini Dar es Salaam iliacha jina tunalolitumia kila tunapokwenda kununua bidhaa za jumla: Kariakoo. Mfanyabiashara wa Kibiti anayepakia mzigo Kariakoo anapakia mahali palipopata jina kutokana na migongo ya watu.

Nalisema hili kwa heshima, na kwa sababu linatuhusu. Kila kilo ambayo gurudumu halibebi inabebwa na mwili wa mtu. Na huku kwetu, mara nyingi mwili huo ni wa mwanamke au mtoto.

Kutoka bondeni kwenda juu

Kwa vizazi vingi Mrufiji aliishi karibu na shamba lake bondeni. Mafuriko yalipokuja alipanda kwenye dungu, kibanda juu ya nguzo, akalinda mpunga wake. Maji yalipopungua alipanda mlau kwenye udongo wenye unyevu. Mavuno hayakuhitaji safari ndefu. Yaliingia ghalani au yaliingia mtumbwini.

Mafuriko makubwa ya mwaka 1968 yalibadilisha mpango huo. Serikali iliwahamisha watu kutoka bondeni kwenda maeneo ya juu katika vijiji vipya. Ndiyo Operesheni Rufiji, iliyotangulia operesheni za vijiji za mikoa mingine. Shule, zahanati na barabara vikawa karibu. Lakini shamba lilibaki bondeni. Kati ya nyumba na shamba ikazaliwa njia ndefu yenye mpando, na njia hiyo ndiyo inayotufanya tutafute magurudumu mpaka leo.

Kwanza ilikuja baiskeli ya mizigo. Tazama jinsi watu walivyotatua kusimama kwake. Baiskeli yenye gunia mbili za mkaa haitegemei stendi ya kiwandani. Mwenyewe hutembea na mti wenye panda, akiegemeza chini ya fremu anapopumzika. Kwenye mteremko hufunga kikono cha breki kwa kipande cha tyubu ili gurudumu lisizunguke. Panda na kipande cha tyubu ni gadi za baiskeli. Hakuna aliyefundishwa darasani.

Kisha pantoni. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, kuvuka Rufiji kwenda kusini kulikuwa ni kwa pantoni pale Ndundu. Kwenye chombo kinachoyumba juu ya maji, gari au mkokoteni usiowekewa kabari ni hatari kwa kila abiria. Daraja lile lenye urefu wa karibu kilometa moja liliondoa foleni na kuleta magari mengi zaidi. Pikipiki, bajaji na maguta vikafuata. Wafugaji waliofika na mifugo yao, wengi baada ya kuhamishwa kutoka Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007, waliongeza matumizi ya ng'ombe katika wilaya zetu.

Na mafuriko hayajaisha. Ya Aprili 2024 yaliingia tena mashambani na majumbani Rufiji na Kibiti. Katika hali kama hiyo, mashine ya kukoboa iliyofungwa kwenye sakafu inabaki pale ilipo maji yakija. Iliyo kwenye magurudumu inaweza kuondoka, kwa sharti kwamba siku za kazi haikuwa ikitangatanga. Ndiyo hadithi ya mizinga ya Königsberg ikiwa nyumbani kwako.

Njia nne za kulisimamisha gurudumu

Sasa tuingie kwenye ushauri. Magurudumu tunayoyapata husimamishwa kwa njia kuu nne.

1. Kabari. Ni kipande cha mti mgumu au chuma chenye umbo la mteremko, kinachowekwa chini ya gurudumu upande wa chini wa mlima. Ni njia ya bei ndogo kuliko zote. Iwe na urefu unaofika angalau robo ya kimo cha gurudumu, na ifungwe kwa kamba kwenye fremu ili isisahaulike. Jiwe la mviringo si kabari, kwani linaviringika pamoja na gurudumu.

2. Pini. Fundi anatoboa tundu kwenye fremu na kupitisha chuma kinachoingia kati ya spoki au kwenye tundu la rimu. Gurudumu likitaka kuzunguka linagonga chuma. Inafaa kwa mkokoteni na toroli la pampu. Chuma kiwe kinene, si msumari wa nchi sita.

3. Breki ya kubana tairi. Ni chuma chenye mpira kinachokandamizwa kwenye tairi kwa mkono au mguu na kukaa hapo. Hupunguza mwendo na pia husimamisha. Hufanya kazi vibaya tairi likiwa na tope au upepo kidogo.

4. Gurudumu dogo lenye kikanyagio. Ni yale yanayogeuka shingo, kama ya vitanda vya hospitali. Yapo ya aina mbili, na hapa wengi hukosea. Aina ya kwanza hufunga gurudumu peke yake, na shingo inaendelea kugeuka. Aina ya pili hufunga gurudumu na shingo kwa pamoja. Kwa mashine inayotetemeka chukua aina ya pili, maana shingo ikiachwa huru mashine itacheza pale pale ilipo mpaka isogee.

Kuchagua: anza na ardhi, kisha uzito

Magurudumu madogo yenye kikanyagio ni ya sakafu ya saruji: dukani, ghalani, kwenye chumba cha mashine. Usiyapeleke shambani. Kwenye mchanga wa Kibiti yanazama, na kwenye tope la bondeni yanajaa mpaka kufuli haliingii. Kwa njia ya shamba chukua gurudumu kubwa lenye tairi pana. Kadiri kipenyo kinavyokuwa kikubwa, ndivyo linavyovuka shimo na mzizi kwa urahisi.

Uzito una kanuni ndogo. Kifaa cha magurudumu manne kikiwa kwenye sakafu isiyo sawa, mara nyingi magurudumu matatu tu ndiyo yanayobeba. Kwa hiyo gawa kwa tatu, si kwa nne. Jenereta na fremu yake ikiwa kilo 240, kila gurudumu liwe na uwezo wa kilo 80 au zaidi. Ukinunua ya kilo 60 kwa kugawa kwa nne, siku moja litapasuka, na litapasuka likiwa na mzigo.

Fahamu pia nguvu ya mteremko. Mahali ambapo ardhi inapanda meta 1 kwa kila meta 10, mkokoteni wa kilo 400 unavuta kushuka kwa nguvu ya karibu kilo 40. Mtu mmoja anaweza kuuzuia kwa muda mfupi. Uzito ukifika kilo 800 nguvu hiyo inakuwa karibu kilo 80, na huyo mtu hawezi tena. Hapo ndipo watu huumia, kwa sababu jana aliweza na leo gunia zimeongezwa.

Kwa magurudumu manne, weka kufuli angalau kwenye mawili, na kwenye mteremko yawe yale ya upande wa chini. Kwa mkokoteni wa magurudumu mawili, panga mzigo uelemee mbele kidogo ili mikono ikae ardhini unapousimamisha. Ukielemea nyuma, mikono itanyanyuka na kumpiga mtu kidevuni. Na kumbuka, kufuli ni la kifaa kilichosimama. Usilitumie kama breki wakati mzigo unatembea, litakatika.

Kulitunza katika chumvi na tope

Delta ina adui ambaye Morogoro hawamjui, maji ya chumvi. Mkokoteni unaopakia samaki na kaa Nyamisati unakula kutu haraka kuliko unaobeba mahindi Bungu. Fanya haya:

Kila jioni baada ya kazi kwenye maji chumvi, mwagia magurudumu maji baridi ya kisima, hasa kwenye kufuli na kitovu. Acha yakauke ukiwa umenyanyua kidogo.

Kila wiki, funga na fungua kila kufuli mara tano. Likifungwa, sukuma kifaa kwa nguvu. Gurudumu likizunguka hata kidogo, kufuli limelika. Kagua nati na bolti kwa spana, na upepo wa tairi.

Kila mwezi, fungua kitovu, toa grisi ya zamani yenye mchanga, safisha beringi kwa mafuta ya taa, kausha, weka grisi mpya. Kuongeza grisi mpya juu ya mchanga ni kusaga beringi. Kwenye sehemu inayobana ya kufuli usiweke grisi kabisa. Grisi ni ya kinachozunguka, si ya kinachoshika.

Kabla ya masika, paka rangi pale chuma kilipochubuka, badilisha mpira wa breki uliolika, na chonga kabari mpya kama ya zamani imeoza.

Ukimpa fundi kazi ya kuchomelea kufuli, mwambie achomelee kwenye fremu nene, si kwenye bati la pembeni. Kisha lijaribu mbele yake: pakia mzigo wako wa kawaida, weka kwenye mteremko, funga, simama ubavuni, hesabu dakika tano. Usisimame chini yake. Likishika, mlipe. Likisogea, arudie.

Neno la mwisho ni kwa wazazi. Mkokoteni uliosimama uani huwa mchezo wa watoto. Mmoja hupanda, wengine husukuma. Kabari mbili za mkoko, moja mbele na moja nyuma, zinagharimu panga na robo saa. Chonga leo kabla jua halijazama, na umfundishe mtoto mkubwa kuziweka kila mkokoteni unaporudi nyumbani.